Figa Moja Haliinjiki Chungu: Madai Sita Kuhusu Skimu za Makazi Pwani ya Kismayu

Kila yanapozungumzwa maisha ya wanyonge wa pwani ya Kismayu, kusini mwa Somalia, dawa ya kwanza kutajwa ni ileile: wapewe ardhi. Serikali ichore ramani, igawe mashamba na viwanja, ilete malori ya kuwahamisha watu, ijenge shule na zahanati, na umaskini utapungua. Nia si mbaya. Mimi pia natamani kumwona mtoto wa Kibajuni aliyezaliwa ukimbizini Mombasa, mtoto wa mkulima wa bonde la Juba na mtoto wa mfugaji aliyemalizwa na ukame, wote watatu wakilala chini ya paa lao wenyewe. Lakini dawa hii imekwisha kunywewa hapa hapa, na kumbukumbu yake ina miaka hamsini. Madai yanayoisindikiza hurudiwa kana kwamba hayajawahi kupimwa. Nayapima hapa, moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: "Ardhi ipo tele, na haina watu"

Anayesema hivi huwa ametazama ramani, au amepita kwa gari mara moja wakati wa kiangazi. Ameona kichaka, mchanga na mwamba, akahesabu ekari.

Pwani hii ina wenyewe, na majina yake yanawataja. Wabajuni, wavuvi wa pwani na visiwa hivi, husema jina la Kismayu limetokana na kisima iyu, yaani kisima cha juu. Kusini yake kuna Fuma Iyu na Fuma Tini, ya juu na ya chini, kisha Koyama, Ngumi, Chovai na Chula, hadi Ras Kiamboni mpakani mwa Kenya. Katika visiwa hivyo yamesimama makaburi na misikiti ya mawe ambayo mtaalamu wa mambo ya kale Neville Chittick aliikagua miaka ya 1960. Watu hawajengi makaburi ya mawe mahali wanapopita tu.

Kinachomdanganya mgeni ni jinsi Mbajuni anavyoitumia ardhi. Kisiwa ni mwamba na mchanga, na maji ya visima vyake yana chumvichumvi, kwa hiyo hakilishi nyumba peke yake. Watu walivuka kwenda kulima bara. Msimu wa kaskazi, bahari ikiwa shwari, walivua. Kusi likianza kuvuma na bahari ya nje kufunga, mvua za masika huwa zimefika, na jembe huchukua zamu ya mshipi. Shamba la bara lililoonekana pori mwezi wa Januari lilikuwa na mwenyewe, naye alikuwa baharini.

Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Nyumba ya Kibajuni iliinjika chungu chake juu ya mafiga matatu: bahari, kisiwa na shamba la bara. Nashika mfano huu hadi mwisho wa makala, kwa sababu kosa la skimu karibu zote nitakazozitaja ni hilo moja. Zilimkuta mtu na mafiga matatu, au mawili yaliyobaki baada ya balaa, zikamwachia moja na kumwambia apike.

Dai la pili: "Mpe maskini ardhi ya kulima, umaskini utaondoka"

Hakuna jaribio kubwa la dai hili nchini Somalia kuliko lile la 1975. Ukame wa 1974 na 1975, ambao Wasomali waliuita Dabadheer, yaani mkia mrefu, kwa kuwa ulikuwa haukatiki, uliua mifugo kaskazini na katikati ya nchi na kuwajaza watu zaidi ya robo milioni katika kambi za msaada. Serikali ya Mohamed Siad Barre iliamua kuwahamishia kusini takriban watu 120,000. Walisafirishwa kwa ndege na malori, kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti, mwendo wa mamia ya kilomita kutoka kwenye malisho yao. Wengi wao walipelekwa katika makazi matatu ya kilimo: Dujuma kando ya mto Juba, na Sablaale na Kurtunwaarey kando ya mto Shabelle. Waliobaki walipelekwa pwani kuvua, nami nitawafikia.

Haki isemwe. Kazi ile iliokoa roho za watu. Waliokuwa wakifa kambini walipata chakula, dawa na shule, na Sablaale na Kurtunwaarey ni miji hadi leo. Anayeidharau kazi hiyo hakuwahi kuona kambi ya njaa.

Lakini dai linahusu umaskini, na kuokoa roho ya mtu ni jambo moja, kumtoa katika umaskini ni jambo jingine. Dujuma ilianguka kwa sababu ambayo mkulima yeyote wa bondeni angeweza kuisema siku ya kwanza: udongo wake una chumvi. Maji ya mfereji yaliyomwagiwa shamba yalikauka na kuacha chumvi juu, na mimea ikakataa. Miaka michache baadaye serikali yenyewe ilikubali kwamba mahali hapo hapafai, kukaanza kupangwa uhamisho mwingine wa kuelekea Homboy, chini zaidi mtoni. Mtu aliyeng'olewa mara moja alitakiwa kung'oka tena.

Hata kwenye udongo mzuri, mhamiaji hakuwa mkulima mwenye shamba. Alikuwa kibarua katika shamba la serikali, akipokea posho ya chakula na fedha kidogo kutoka kwa wakala wa makazi. Alichojua, yaani kusoma mawingu, kutafuta malisho na kumtibu ngamia, hakikuwa na kazi pale. Basi wanaume walifanya ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya. Wengine waliondoka kwenda kutafuta mifugo tena na wengine walikwenda kufanya kazi nchi za Ghuba, wakawaacha wanawake, watoto na wazee makazini. Watu wale walikuwa wakitafuta figa la pili. Ripoti zikawaita watoro.

Ardhi bila maji yanayofaa, bila ujuzi, bila soko na bila uhuru wa kuamua upande nini, ni mahali pa kukaa tu. Umaskini unakaa hapo hapo na mwenyewe.

Dai la tatu: "Bahari ni tajiri, yeyote akipewa mashua atakuwa mvuvi"

Katika wale waliohamishwa 1975, watu kama 15,000 walipelekwa kwenye makazi ya uvuvi, Barawa, Adale na Eyl yakiwamo. Walikuwa wafugaji wa ngamia, watu ambao kwa desturi yao samaki hakuwa chakula cha heshima. Serikali iliwapa mashua za injini na nyavu, ikaendesha kampeni ya kuwahimiza Wasomali kula samaki.

Nawaheshimu waliojifunza. Wapo waliojifunza vizuri na wakabaki. Lakini wengi waliondoka mara tu walipopata njia, na mashua nyingi zililala ufukweni zikingoja vipuri, mafuta au barafu. Aliyedai kwamba mashua humfanya mtu mvuvi alikuwa hajamtazama mvuvi kazini.

Tazama kazi moja tu ya Wabajuni wa zamani, ambayo mtafiti Mwitaliano Vinigi Grottanelli aliishangaa katika kitabu chake cha mwaka 1955 juu ya wavuvi wa Bahari ya Hindi: kumvua kasa kwa chazo. Chazo ni samaki mwenye kibandiko kichwani, ambaye hujishikiza kwenye samaki wakubwa. Mvuvi alimkamata akiwa hai, akamfunga uzi mkiani na kumtunza majini. Siku ya kuvua alimchukua ndani ya dau. Kasa akionekana, chazo alitupwa kwa upole upande wake. Akishanata kwenye gamba, mvuvi alianza kuvuta, na hapo ndipo elimu ilipo. Ukivuta kwa pupa uzi hukatika au chazo hubanduka. Ukilegeza mno, kasa huzama chini ya mwamba. Mkono ndio ulioamua, na mkono huo ulifundishwa na baba, mjomba na babu, kwenye maji yenye miamba ambayo kila mmoja una jina lake.

Elimu kama hiyo haigawiwi kwa lori. Na jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba wenye elimu hiyo walikuwapo tayari, saa chache za tanga kutoka Kismayu. Badala ya kuwaongezea barafu, soko na bei nzuri ya samaki na kamba wakubwa wa mwambani, serikali iliwaingiza katika vyama vya ushirika ambavyo ndivyo vilivyonunua samaki wao na kupanga bei. Mfugaji alifundishwa uvuvi asiouomba, na mvuvi akapunguziwa uamuzi juu ya samaki aliowavua mwenyewe. Fedha ileile ingeweza kumrudishia mfugaji mifugo yake na kumpatia mvuvi soko.

Dai la nne: "Sheria na hati vitamlinda mnyonge"

Dai hili lina nguvu, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Asiye na karatasi hunyang'anywa kwa urahisi. Lakini tuangalie karatasi ya Somalia ilifanya nini.

Oktoba 1975, mwaka uleule wa malori, ilitoka Sheria ya Ardhi namba 73. Ardhi yote ikawa mali ya dola. Mkulima aliyetaka kutambuliwa alipaswa kuomba mkataba wa kukodi wa miaka 50, wa hekta zisizozidi 30 za umwagiliaji au 60 za mvua. Kila kaya iliruhusiwa kusajili kipande kimoja. Ardhi iliyokaa miaka miwili bila kulimwa iliweza kutwaliwa. Mashamba ya serikali na makampuni hayakufungwa na viwango hivyo.

Soma masharti hayo ukiwa umesimama kwenye bonde la Juba, kaskazini ya Kismayu, miongoni mwa wakulima wanaoitwa Wagosha, ambao baadhi yao, Wamushunguli, bado wanazungumza lugha ya Wazigua wa Tanzania. Mkulima wa pale alikuwa na kipande ukingoni mwa mto, kingine katika dhasheeg, yaani bonde linalobaki na maji baada ya mafuriko, na kingine juu kwenye ardhi ya mvua. Mto ukifurika, cha juu kilimwokoa. Mvua ikikosa, dhasheeg ilimlisha. Hayo yalikuwa mafiga yake matatu, na sheria ilimwambia achague moja. Kipande alichokiacha kipumzike ili udongo upate nguvu kikahesabiwa kuwa kimetelekezwa.

Kisha ilikuja kazi ya kusajili: fomu, ramani, ada, saini ya ofisi ya wilaya, saini ya mkoa, na mwisho wizara Mogadishu. Mkulima asiyesoma, asiye na nauli wala ndugu ofisini, hakufika mwisho wa safari hiyo. Aliyefika ni ofisa, mfanyabiashara na jamaa wa wakubwa, ambaye pengine hakuwahi kuliona shamba lenyewe. Miaka ya 1980 wakulima waligundua kwamba ardhi waliyorithi imeandikwa kwa jina la mtu wa mjini. Wakati huohuo miradi mikubwa, ya sukari Mareerey na ya umwagiliaji Mogambo na Fanoole, ilichukua maelfu ya hekta za bonde hilohilo. Wanazuoni Catherine Besteman na Lee Cassanelli waliokusanya habari hizi mwaka 1996 waliieleza ardhi kuwa ndiyo vita nyuma ya vita.

Asiyekuwepo na lake halipo. Hati humlinda yule aliyekuwapo meza ilipowekwa. Ikiwekwa mbali na mkulima, hati ileile humpokonya kwa muhuri.

Dai la tano: "Bahari haina mwenyewe, kwa hiyo mvuvi hana anachopoteza"

Kwa dai hili mvuvi wa Chula akipewa kiwanja nyuma ya mji, kilomita kadhaa kutoka majini, huhesabiwa kuwa amefaidika: jana hakuwa na kitu, leo ana mita kadhaa za mraba.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1991 vilionyesha alichokuwa nacho. Wanamgambo wa pande mbalimbali walipopita visiwani, walichukua mashua, injini, nyavu na akiba. Watu walikimbia kwa vyombo vilivyosalia hadi Lamu na Mombasa, ambako Wabajuni wengi walikaa katika kambi ya Jomvu. Waliorudi mwishoni mwa miaka ya 1990 waliwakuta wengine wamekaa kwenye nyumba zao na wanasimamia ufukwe. Umaskini wao una tarehe na una sababu. Waliporwa. Aliyeporwa hurudishiwa haki yake kwanza, kabla ya kuingizwa kwenye orodha ya wahitaji.

Na kwamba haki ya majini haiwezi kuandikwa wala kulipwa, hilo limejibiwa jirani tu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya, iliyoketi Malindi, iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ujenzi wa bandari mpya uliharibu maeneo yao ya kuvua. Mahakama ilihesabu bahari kuwa riziki yenye wenyewe. Kinachowezekana Lamu hakina sababu ya kushindikana Kismayu, maana ni bahari moja, na mara nyingi ni ukoo mmoja.

Dai la sita: "Ng'ambo ya mpaka skimu zimefaulu"

Hapa hutajwa Mpeketoni, katika Lamu ya Kenya. Skimu yake, ya Ziwa Kenyatta, iliyoanzishwa miaka ya 1970 na serikali ya Kenya na baadaye kusaidiwa na Wajerumani, iliwapa mashamba watu wengi wasiokuwa na ardhi, hasa kutoka mikoa ya ndani ya Kenya. Walilima pamba, mahindi na korosho, wakasomesha watoto, wakajenga mji. Sitawanyima sifa yao. Walikuja maskini, wakafanya kazi.

Lakini hesabu ya skimu haikamiliki kwa kuwahesabu waliopewa tu. Miaka michache kabla, wakati wa vita vya shifta, kati ya 1963 na 1967, Wabajuni wa upande wa Kenya walikimbia vijiji vyao vya bara, vya Ishakani na majirani zake, wakajazana visiwani na katika miji ya kusini. Walipoteza figa la shamba. Vita vilipokwisha hawakuandaliwa skimu ya kuwarudisha. Waliona wengine wakipewa hati katika wilaya yao huku wao wakiendelea kuitwa maskwota kwenye ardhi ya babu zao. Uchungu huo haukuondoka, na watu wenye nia mbaya walijua pa kuukuta. Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa na watu zaidi ya 60 wakauawa; Al-Shabaab walisema ni wao. Hakuna dhuluma ya ardhi inayohalalisha kumwua mkulima mlangoni kwake. Mwezi uliofuata, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufuta hati za ekari 500,000 za Lamu zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22. Serikali iliyogawa ndiyo iliyokiri kwamba ugawaji ulikuwa na kasoro.

Na wanaoitaja Mpeketoni huisahau Magarini, kaskazini ya Malindi. Huko fedha za Australia, kuanzia 1978, zilitumika miaka kumi na zaidi kuwaweka Wagiriama kwenye viwanja vya kudumu katika nchi ambayo wao walizoea kuilima kwa kuhamahama, kwa sababu udongo na maji yake havivumilii vinginevyo. Visima havikutoa maji ya kutosha, na mradi uliachwa. Ni Dujuma nyingine, kwa fedha nyingine.

Basi serikali ikae tu?

Hapana. Mtu akiniambia kwamba kukosoa skimu ni kukataa msaada, namjibu kwamba watu wa pwani hii wana haki ya msaada zaidi ya wengi. Tangu makubaliano ya Novemba 2013 kati ya Kenya, Somalia na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, maelfu wamerudi kutoka kambi za Dadaab nchini Kenya, na Kismayu imewapokea wengi wao, juu ya waliokimbia njaa na vita vya ndani. Wanahitaji pa kulala leo. Wapewe, na wapewe kwa hati.

Lakini kila mpango ujibu maswali matatu kabla ya lori kuwasha injini. Kwanza, nani alikuwapo kabla? Waulizwe wazee wa visiwani na wa bondeni, yaandikwe mashamba ya msimu, malisho, bandari ndogo na miamba ya kuvulia, na madai ya walioporwa tangu 1991 yasikilizwe kabla ya ardhi hiyohiyo kugawiwa wengine. Pili, mtu huyu aliishi kwa mafiga gani, na mpango unamrudishia mangapi? Mvuvi apate njia ya kufika majini, mashua, barafu na soko. Mkulima aruhusiwe kushika vipande vyake vyote. Mfugaji apate mifugo na malisho. Tatu, nani ameketi mezani? Tangu mkutano wa Arta wa mwaka 2000, madaraka ya Somalia hugawanywa kwa mfumo wa nne na nusu: koo nne kubwa hupata sehemu sawasawa, na jamii zote zilizobaki hugawana ile nusu. Wabajuni na wakulima wa Juba wamo katika nusu hiyo. Kamati ya ardhi ikiundwa kwa kipimo hichohicho, orodha ya wapewa itaandikwa bila wao, kama lilivyoandikwa daftari la ardhi la sheria ya 1975.

Kusi likivuma mwaka huu, kuna nahodha atakayefunga mashua yake na kutazama ng'ambo, bara, mahali baba yake alipokuwa akipanda mtama. Mpango wowote wa kupunguza umaskini Kismayu uanze kwa kumwuliza kile ni kipande cha nani. Jibu analo.